Kansa ya Matiti Katika Ukoo: Mambo Tunayoweza Kufanya Mapema

Hotuba hii ilitolewa na muuguzi mmoja mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, akina mama na akina baba pamoja. Tunaichapisha kama alivyoizungumza, ili vikundi ambavyo havikupata nafasi ya kufika viisome pamoja. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.



Nimeombwa nizungumze juu ya kansa ya matiti. Wengine huiita saratani, ni jambo moja. Lakini leo nataka kuzungumza hasa na wale ambao nyumbani kwao ugonjwa huu umepita zaidi ya mara moja. Ninyi ndio mnaokaa kimya mkutano wa afya ukiitishwa. Ninawajua, kwa sababu mimi ni mmoja wenu.

Mama yangu mkubwa, yaani dada ya mama, alikufa mwaka wa 1974. Mama yangu mwenyewe alikufa mwaka wa 1981 akiwa na miaka 43, mimi nikiwa darasa la saba. Wote wawili ni titi. Watu walisema nyumba ya nyanya yetu imelaaniwa. Wengine walisema ni jicho la jirani. Miaka michache baadaye kijana mmoja alitaka kumchumbia dada yangu mkubwa, na wazazi wake wakamkataza. Ati usilete kifo katika boma hili.

Halafu mwaka wa 2014, dada yangu huyo akiwa na miaka 50, akasikia kitu kigumu kama punje ya mahindi ndani ya titi lake. Hakikuwa na uchungu. Kwa bahati nzuri hakungoja. Tulipofika kwa daktari Nairobi, daktari hakuuliza juu ya laana. Aliuliza hivi: "Ni nani mwingine katika ukoo wenu? Alikuwa na umri gani?" Akachukua karatasi, akachora nyanya yetu, watoto wake na wajukuu wake. Pale ndipo mimi, muuguzi wa miaka mingi, nilipoona ukoo wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza.

SI LAANA, NI URITHI

Kila mtu amerithi kutoka kwa wazazi wake maagizo ya kujenga mwili. Maagizo hayo yanaitwa jeni. Ndiyo sababu mtoto ana pua ya baba yake au urefu wa mama yake. Baadhi ya jeni hizi kazi yao ni ya fundi. Mwili ukiharibika mahali padogo sana, kama ua wa shamba unaokatika, fundi hupita na kurekebisha.

Kwa kila kazi kama hiyo tunao mafundi wawili, mmoja kutoka kwa baba na mmoja kutoka kwa mama. Mtu akizaliwa fundi mmoja akiwa mbovu, amebaki na mmoja tu. Siku yule wa pili akiharibika mahali fulani katika titi, hakuna wa kurekebisha tena, na kansa inaweza kuanza hapo.

Mwaka wa 1990 mtaalamu wa Marekani, Mama Mary-Claire King, alionyesha mahali pa mmoja wa mafundi hao, wakati wataalamu wengi hawakuamini kwamba kansa ya matiti inaweza kurithiwa namna hiyo. Jeni yenyewe, inayoitwa BRCA1, ilipatikana mwaka wa 1994. Ya pili, BRCA2, ilifuata mwaka wa 1995. Kwa hivyo wakati mama yangu anakufa, hakuna daktari duniani ambaye angeweza kutueleza. Lakini leo wapo, na hatuna sababu ya kuendelea kusema jicho la jirani.

Sasa msitoke hapa na hofu. Kati ya watu 100 wenye kansa ya matiti, ni kama 5 mpaka 10 tu walioipata kwa sababu ya kasoro kubwa ya kurithi. Wengi wanaougua hawana historia yoyote katika ukoo. Kwa hivyo yule ambaye kwao haijatokea asijione yuko salama kabisa, na yule ambaye kwao imetokea asijione ameshahukumiwa.

NI NANI YUKO KATIKA HATARI ZAIDI?

Mama, dada au binti yako akiwa amepata kansa ya matiti, hatari yako huwa kama mara mbili ya mwanamke mwingine. Mwone daktari hasa ukiona mojawapo ya haya:

- Jamaa wawili au zaidi wa upande mmoja, wa mama au wa baba, wameugua kansa ya matiti au ya vifuko vya mayai.
- Jamaa wa karibu aliugua kabla ya miaka 50.
- Mtu mmoja aliugua matiti yote mawili.
- Mwanamume katika ukoo aliugua kansa ya titi. Ndiyo, wanaume pia huugua, ingawa ni wachache sana, kama 1 kati ya wagonjwa 100.
- Wewe mwenyewe ulitibiwa kifuani kwa miale ukiwa kijana, au ulipimwa nyama ya titi na daktari akasema kuna chembe zisizo za kawaida.

Wanawake waliozaliwa na kasoro ya BRCA1 au BRCA2, zaidi ya 60 kati ya 100 watapata kansa ya matiti katika maisha yao. Marekani, ukihesabu wanawake wote pamoja, ni kama 13 kati ya 100. Mnaona tofauti hiyo si ndogo. Na kasoro hizo huongeza pia hatari ya kansa ya vifuko vya mayai, ambayo mara nyingi haina dalili za wazi mapema.

NJIA ZILIZOPO

Njia ziko nyingi, kutoka ndogo mpaka kubwa. Kila njia ina faida na ina gharama yake. Mtu asije akakulazimisha, wala asije akakuficha.

Ya kwanza ni mwenendo wa kila siku. Kunyonyesha kunasaidia. Utafiti mkubwa uliokusanya habari za wanawake kutoka nchi 30, uliotolewa mwaka wa 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3. Akina mama wetu waliokuwa wakinyonyesha miaka miwili kila mtoto hawakukosea. Pombe huongeza hatari, hata ikiwa kidogo, iwe ya chupa au ya kienyeji. Unene mwingi baada ya hedhi kukoma huongeza. Kazi ya mwili na kutembea hupunguza. Haya ni ya bure na ni ya wote. Lakini niseme ukweli: kwa mwenye kasoro ya kurithi, haya peke yake hayatoshi.

Ya pili ni kuchunguzwa mara kwa mara. Elewa vizuri hapa. Kuchunguzwa hakuzuii kansa kuingia. Kunasaidia kuikamata ingali ndogo, wakati inatibika. Kwa mwanamke wa kawaida picha ya matiti, yaani mamogramu, huanza akiwa na miaka 40 hivi. Kwa aliye na historia ya ukoo, madaktari wengi huhesabu hivi: chukua umri ambao jamaa yako aligunduliwa, toa miaka 10. Mama yako aligunduliwa akiwa na miaka 45? Wewe anza na 35. Wenye kasoro ya BRCA hushauriwa kupigwa picha ya MRI kila mwaka kuanzia miaka 25 na mamogramu kuanzia miaka 30. Najua MRI ni ghali na iko mbali. Ikikosekana, usiache yote. Fanya ile inayopatikana, na uguswe matiti na muuguzi au daktari kila mwaka.

Ya tatu ni dawa. Iko dawa inayoitwa tamoxifen, ambayo imetumika kwa wagonjwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 1998 utafiti wa Marekani wenye wanawake zaidi ya 13,000 walio katika hatari ulionyesha kwamba waliomeza dawa hiyo walipata kansa kama nusu ya wasiomeza. Humezwa kila siku kwa miaka 5, na kinga huendelea miaka mingi baada ya kuacha. Kwa waliokwisha hedhi ziko nyingine, kama raloxifene na anastrozole. Uingereza ilikubali anastrozole itumike kwa kuzuia mwaka wa 2023.

Gharama yake ni nini? Tamoxifen huleta joto la ghafla mwilini, na kwa wachache huleta damu kuganda katika mishipa au kansa ya mfuko wa uzazi. Mwenye mimba haruhusiwi. Anastrozole hupunguza nguvu za mifupa na huleta maumivu ya viungo. Tena dawa hizi huzuia ile kansa inayolishwa na homoni peke yake. Ile aina nyingine, ambayo huonekana zaidi kwa wanawake wa Kiafrika na kwa wenye kasoro ya BRCA1, hazizuii. Kwa hivyo usichukue vidonge vya jirani aliye mgonjwa, wala usinunue dukani. Daktari ndiye apime.

Ya nne ni upasuaji. Kuondoa matiti yote mawili kabla ya ugonjwa hupunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi. Mwaka wa 2013 mwigizaji wa sinema wa Marekani, Angelina Jolie, aliambia ulimwengu kwamba amefanya hivyo, kwa sababu alikuwa na kasoro ya BRCA1 na mama yake alikufa kwa kansa. Ni hatua kubwa, haina kurudi nyuma, na hutaweza kunyonyesha tena. Kuondoa vifuko vya mayai pamoja na mirija yake hupunguza hatari ya kansa ya huko kwa asilimia 80 hivi. Mwenye BRCA1 hushauriwa kufanya hivyo kati ya miaka 35 na 40, mwenye BRCA2 kati ya 40 na 45, akiwa amemaliza kuzaa. Hedhi hukoma siku hiyo hiyo, na mifupa na moyo huhitaji kuangaliwa.

WATOTO WANNE WA MAMA MMOJA

Labda mtauliza, sisi tulichagua nini?

Dada yangu mkubwa alipimwa damu, ikatoka ana kasoro ya BRCA2. Kipimo hicho si cha zahanati yetu. Kilichukua fedha na muda. Baada ya matibabu aliamua kuondoa titi lililobaki na vifuko vya mayai. Mumewe alimwambia, "Mimi nilikuoa wewe." Leo yuko hai, analima, na nimemwona hapa nyuma akicheka.

Ukishajua kasoro yenyewe kwa mtu mmoja, ni rahisi kuitafuta kwa ndugu zake. Kila ndugu ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Mimi nilipimwa mwaka wa 2015, nikapatikana nayo. Mwaka uliofuata niliondoa vifuko vya mayai, ingawa ilikuwa nimechelewa kidogo kwa umri. Matiti nilikataa kuondoa. Ninapigwa picha kila mwaka. Mwaka wa 2021 waliona kitu, nikachomwa sindano, nikangoja majibu siku 12 bila kulala. Haikuwa kansa. Hiyo ndiyo gharama ya njia niliyochagua, na mwaka ujao nitarudi tena.

Mdogo wetu alipimwa akapatikana hana. Mlidhani alifurahi? Alilia wiki nzima, akisema kwa nini yeye aachwe. Mtu kama huyo pia anahitaji wa kuzungumza naye.

Wa nne ni kaka yetu. Yeye alisema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Mpaka leo hajapimwa. Sasa sikilizeni akina baba. Mwanamume hurithi kasoro hii sawa na mwanamke, na huipitisha kwa binti zake na wana wake vile vile. Tena BRCA2 huongeza kwake hatari ya kansa ya tezi ya kiume na hata ya titi. Kaka yangu ana binti wawili. Ukiangalia upande wa mama yao hutaona kansa hata moja, na daktari asipouliza upande wa baba, atawaambia wako salama.

Mwaka jana binti yake mkubwa, mwenye miaka 26, alinijia jioni nikiwa nachambua maharagwe. Akaniambia, "Shangazi, baba hataki kusema. Niambie wewe." Nilimwambia haya yote niliyowaambia ninyi. Hajaamua bado. Lakini anajua, na mama yangu hakujua.

MASWALI KUTOKA UKUMBINI

Swali: Je, kuweka pesa au simu ndani ya sidiria huleta kansa?

Jibu: Hakuna uthibitisho wa jambo hilo. Pesa zinaweza kuibiwa, lakini kansa hazileti. Sidiria yenyewe pia haileti.

Swali: Tunasikia kisu kikigusa kansa, inasambaa. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Watu husema hivyo kwa sababu wengi hufika kwa upasuaji wakati imeshasambaa, halafu wakifa kisu ndicho hulaumiwa. Dada yangu alipasuliwa mapema.

Swali: Kuna mitishamba ya kuzuia?

Jibu: Mimi sijaona mti wowote uliothibitishwa kuzuia kansa ya matiti. Nimeona akina mama waliokunywa mitishamba miezi sita huku uvimbe ukikua. Ukiona uvimbe, ngozi inayovutwa ndani, chuchu inayotoa damu au uvimbe wa kwapani, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Swali: Maombi je?

Jibu: Mimi niliomba nikiwa kwenye foleni ya mamogramu. Sikuona kwamba kimoja kinazuia kingine.

Swali: Na sisi ambao hatuna pesa ya kipimo cha damu?

Jibu: Karatasi na kalamu mnazo. Hata bila kipimo, daktari akiona mchoro wa ukoo anaweza kukuanzishia uchunguzi wa mapema au kukuambia kama dawa inafaa. Usiseme kwa sababu sikupata kipimo kikubwa basi niache yote.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, kila mtu achore ukoo wake, kuanzia nyanya na babu, upande wa mama na upande wa baba. Kando ya kila jina aandike: aliugua nini, akiwa na miaka mingapi. Kama ilisemwa "kidonda cha kifua" au "tumbo lilivimba", andikeni hivyo hivyo. Waulizeni wazee kabla hawajatuacha. Karatasi hiyo ni ya mwenyewe, si ya kikundi. Haisomwi mkutanoni.

Pili, mwaliketi muuguzi wa zahanati mara moja kwa mwaka aje kuwaangalia matiti wanachama. Mmekwisha kununuliana mabati na ng'ombe kwa zamu. Mnaweza pia kutenga kitu kidogo cha nauli ya hospitali ya kaunti, kwa sababu mara nyingi kinachomzuia mama ni nauli tu.

Tatu, jiandikisheni na SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kabla ya kusafiri ulizeni hospitali ni kipimo gani kinalipiwa na kipi utajilipia.

Nne, asiende mtu peke yake. Mwenzake mmoja amsindikize, asikie maneno ya daktari pamoja naye. Mtu mwenye hofu husikia nusu.

Na la mwisho, tuache neno laana. Neno hilo lilimfanya mama yangu afiche uvimbe wake mwaka mzima chini ya kanga, ili binti zake wapate kuolewa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watu husema nini juu ya ukoo wenye kansa? Maneno hayo yamemzuia nani kwenda hospitali?
2. Kwa nini kaka wa muuguzi alikataa kupimwa? Sisi tungemwambia nini?
3. Kati ya njia nne zilizotajwa, ni zipi zinapatikana karibu nasi, na ni zipi ziko mbali? Nauli ni kiasi gani?
4. Kila mwanachama achore ukoo wake kabla ya mkutano ujao. Ni mzee gani wa kuulizwa kwanza?